Mtoto Kaanza Shule Marekani na Kiingereza Hajui: Mwongozo Kamili kwa Mzazi, Kuanzia Fomu ya Lugha hadi Siku ya Kutoka ESL

Kila Agosti, shule zinapofunguliwa, simu yangu hujaa ujumbe wa sauti wa aina mbili. Wa kwanza: "Kaka, mtoto ana wiki sita darasani, haelewi kitu, na shule inasema hayumo kwenye orodha ya ESL." Wa pili: "Kaka, mtoto wangu anaongea Kiingereza kuliko mimi, mbona huu mwaka wa nne bado wanamwita mwanafunzi wa ESL?"

Mimi ni mkalimani wa shule. ESL ni msaada ambao shule humpa mtoto ambaye bado anajifunza Kiingereza. Nikikaa na mzazi tukirudi nyuma, karibu kila mara tunaishia palepale: fomu moja fupi iliyojazwa harakaharaka siku ya kuandikisha, na barua moja iliyofika baadaye ikatupwa pamoja na matangazo ya pizza. Mwongozo huu ni wa hizo karatasi mbili na yote yanayozizunguka, kwa mzazi anayezungumza Kiswahili na mwenye mtoto katika shule ya umma ya Marekani, kuanzia chekechea hadi gredi ya 12.

Majimbo yanatofautiana katika majina ya mitihani na alama. Misingi ni ya nchi nzima.

## Vya kuwa navyo kabla ya kutoka nyumbani

- Uthibitisho wa umri wa mtoto: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, au I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) kwa waliokuja kama wakimbizi.
- Uthibitisho wa makazi: mkataba wa nyumba au bili ya umeme yenye jina lako.
- Karatasi za chanjo, pamoja na zile ulizopewa kwenye uchunguzi wa afya kabla ya safari.
- Karatasi yoyote ya shule ya zamani: buletini ya Nyarugusu, ripoti ya Kakuma, cheti cha Nakivale. Hata picha iliyopigwa kwa simu ni bora kuliko mikono mitupu.
- Faili moja la kuwekea kila karatasi ya shule, na kalamu ya kuandikia tarehe.
- Majibu ya maswali ya lugha, uliyoyafikiria ukiwa nyumbani umetulia. Nitayaeleza kwenye hatua ya pili.

Usichohitaji: karatasi za uhamiaji za mzazi, wala namba ya Social Security. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu wa 1982 katika kesi ya Plyler v. Doe, shule ya umma haiwezi kumkatalia mtoto kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji. Namba ya Social Security wanaweza kuiuliza, lakini kuitoa ni hiari yako. Acha nafasi wazi, endelea na fomu.

Kama mmepoteza nyumba na mnaishi makazi ya muda, au mmebanana kwa ndugu, mwambie sekretari. Sheria ya McKinney-Vento inaitaka shule impokee mtoto mara moja hata kama karatasi hazijakamilika.

Tahadhari ya tarehe ya kuzaliwa. Wengi wetu tumetoka kambini na tarehe ya Januari 1. Shule hufuata karatasi, na umri ndio unaoamua gredi. Kijana ambaye karatasi zimemwongezea miaka mitatu anaweza kujikuta sekondari ya juu akiwa na muda mfupi tu wa kumaliza, kwa sababu kila jimbo lina umri wa kikomo, mara nyingi miaka 21. Kurekebisha tarehe ni kazi ya wakili wa uhamiaji, na inachukua muda. Usimwombe sekretari wa shule "aibadilishe tu kwenye kompyuta".

## Hatua ya 1: Omba mkalimani kabla hujakaa

Ukifika dirishani, sema sentensi moja: "I need a Swahili interpreter." Halafu subiri. Anaweza kuwa mtu, anaweza kuwa sauti ya simu. Hulipi chochote.

*Kwa nini:* Kila utakachosema leo kinaingia kwenye mfumo, na makosa ya leo utayahangaikia hadi mwakani. Mtoto wako asiwe mkalimani wako, hata kama ana miaka 16 na Kiingereza anakijua. Atakuficha yanayomwaibisha, na hilo ni la kawaida kwa mtoto.

*Taja Kiswahili chako.* Mkalimani aliyekulia Dar es Salaam na mama aliyekulia Uvira wanaelewana, lakini si kwa kila neno. Niliwahi kumsikia mama akisema mtoto wake "hapendi masomo". Kwa Kiswahili cha Kongo alimaanisha hapendi *kwenda shule*, kwa sababu kwenye basi walikuwa wanamchokoza. Mkalimani wa simu akatafsiri kwamba mtoto hapendi kusoma. Mwalimu akaanza kutoa mawaidha juu ya bidii, mama akabaki kushangaa. Kama Kiswahili si lugha unayoimudu vizuri, omba Kinyarwanda, Kirundi, Kibembe au Kifaransa.

Machi 2025 ilitoka amri ya rais inayokifanya Kiingereza lugha rasmi ya nchi, na tangu hapo wazazi huniuliza kama mkalimani wa shule ameondolewa. Haki hiyo inatokana na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 na Sheria ya Fursa Sawa za Elimu ya 1974, zilizopitishwa na Bunge. Amri hiyo haikuzifuta. Endelea kuomba.

*Utajua umefanikiwa* pale sekretari atakapoandika lugha yako kwenye kumbukumbu za mtoto, kwenye sehemu ya lugha ya kuwasiliana na mzazi. Muulize waziwazi kama ameiandika.

## Hatua ya 2: Jaza fomu ya lugha ya nyumbani kwa ukweli

Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa, kwa hiyo nitakaa hapa.

Kati ya karatasi za kuandikisha kuna moja yenye maneno *Home Language Survey*. Ni fupi, mara nyingi ina maswali matatu au manne:

1. Mtoto alijifunza lugha gani kwanza alipoanza kuongea?
2. Mtoto hutumia lugha gani zaidi?
3. Ni lugha gani inayosemwa zaidi nyumbani kwenu?
4. Ungependa shule ikuandikie na kukupigia kwa lugha gani?

Matatu ya kwanza ndiyo kengele. Ukiandika lugha isiyo Kiingereza hata sehemu moja, katika majimbo mengi shule inalazimika kumpima mtoto Kiingereza chake. Ukiandika Kiingereza kote, kengele hailii. Mtoto anaingia darasa la kawaida kama watoto wengine wote, na hakuna mwenye wajibu wa kumpima hadi mwalimu agundue kwamba anazama.

Sasa makosa, na sababu zake ninazozisikia.

"Niliandika Kiingereza ili wasimweke darasa la wajinga." Hofu hii naielewa. Huko tulikotoka, kutokujua lugha ya shule kulikuwa ni kurudishwa darasa au kuvalishwa kibao shingoni. Hapa ESL haimshushi mtoto gredi. Mtoto wa gredi ya 5 anabaki gredi ya 5 na anapata msaada.

"Niliogopa fomu ya lugha itapelekwa uhamiaji." Fomu hii ni ya elimu. Haiulizi uraia wala umekuja lini na viza gani. Ikiuliza hayo, si fomu ya lugha, na una haki ya kutoyajibu.

"Niliandika Kifaransa." Baba mmoja aliniambia Kifaransa kinaleta heshima. Mtoto wake alikuwa anajua *bonjour* na nyimbo mbili. Shule ikamletea vitabu vya Kifaransa na mkalimani wa Kifaransa, na mtoto akawa na lugha mbili asizozielewa badala ya moja.

"Niliandika Kiswahili kwa sababu kila mtu anaandika Kiswahili." Familia inazungumza Kibembe au Kinyamulenge nyumbani, Kiswahili ni cha sokoni. Andika Kibembe kwenye lugha ya kwanza, Kiswahili kwenye lugha nyingine. Usiandike "African", hata kama sekretari ndiye aliyekupa wazo hilo.

Na wale waliotoka Kakuma au makazi ya Uganda, ambako watoto husoma kwa mitaala ya Kenya na Uganda yenye Kiingereza? Andika ukweli uleule: lugha ya nyumbani ni Kiswahili. Kama mtoto Kiingereza anakijua, kipimo kitaonyesha, na atapita bila kuwekwa ESL. Waliotoka Nyarugusu, ambako watoto wa Kikongo husoma kwa mtaala wa Kongo, mara nyingi watahitaji msaada, na hiyo si aibu.

Tahadhari: usitie sahihi fomu iliyojazwa na mtu mwingine kabla hujasomewa kila jibu. Hata mimi mkalimani, nisipokusomea, nirudishie karatasi. Ukigundua kosa, nenda shuleni wiki hiyohiyo na uombe kusahihisha kwa maandishi. Baadhi ya majimbo hutoa siku chache tu za kufanya hivyo.

*Utajua umefanikiwa* ukiondoka na nakala ya fomu hiyo. Fomu hiyo si siri. Omba wakutolee fotokopi, au ipige picha.

## Hatua ya 3: Fuatilia kipimo cha kwanza

Baada ya fomu, mtoto anafanyiwa kipimo kifupi cha Kiingereza. Sheria ya elimu ya shirikisho ya 2015, inayoitwa ESSA, inayataka majimbo yahakikishe mtoto anapimwa ndani ya siku 30 tangu aandikishwe. Tia alama siku hiyo kwenye kalenda ya jikoni.

Jina la kipimo linategemea unakoishi. Majimbo mengi, yakiwemo Kentucky, Maine, North Carolina na Idaho, hutumia vipimo vya WIDA. Iowa, Nebraska na Ohio wako kwenye kundi la ELPA21. California ina ELPAC, New York ina NYSITELL, Arizona ina AZELLA.

Kinachopimwa ni mambo manne: kusikiliza, kuzungumza, kusoma na kuandika. Kwa watoto wa chekechea mara nyingi ni kusikiliza na kuzungumza tu.

*La kumwambia mtoto:* "Jibu unachokijua, usichokijua sema hujui." Basi. Usimfundishe majibu, na usimwambie ajifanye hajui. Nimeona vyote viwili. Aliyefundishwa anawekwa juu ya uwezo wake, anayejifanya bubu anakaa na alfabeti miezi sita huku akili yake ikilala.

Mtoto mwenye haya ni jambo jingine. Watoto wetu wamefundishwa kutomtazama mtu mzima machoni na kutojibu hadi waulizwe mara ya pili. Mpimaji anaweza kudhani hajui. Mweleze mwalimu mapema kwamba mtoto atakaa kimya kwa adabu.

*Utajua umefanikiwa* ukipewa matokeo ya kila kipengele. "He did fine" si matokeo.

## Hatua ya 4: Ipokee barua, isome, ihifadhi

Mtoto akionekana anahitaji msaada, shule lazima ikuandikie. Muda ni siku 30 tangu mwaka wa shule uanze. Kama mtoto ameanza katikati ya mwaka, ni wiki mbili tangu awekwe kwenye programu. Barua inapaswa kuwa kwa lugha unayoielewa, kadiri inavyowezekana. Ikija kwa Kiingereza kitupu, ipeleke shuleni uombe usomewe.

Ndani yake tafuta haya:

- kiwango cha Kiingereza cha mtoto, na kilipimwaje;
- aina ya msaada atakaopewa;
- masharti ya kutoka kwenye programu;
- haki yako ya kukataa huduma au kuomba aina nyingine.

Hiyo ya mwisho huleta maswali. Ndiyo, mzazi anaweza kukataa ESL. Lakini ukikataa, mtoto bado anahesabiwa kuwa mwanafunzi anayejifunza Kiingereza, bado atafanya mtihani wa kila mwaka, na shule bado inatakiwa kufuatilia maendeleo yake. Unachopoteza ni yule mwalimu aliyesomea kazi hiyo. Kwa maoni yangu, usikatae. Kama kinachokuudhi ni kwamba mtoto anatolewa darasani wakati wa hesabu, dai wabadilishe ratiba.

## Hatua ya 5: Uliza msaada wenyewe ukoje

Neno "ESL" linafunika mambo mengi. Shule moja humtoa mtoto darasani nusu saa kwa kikundi kidogo. Nyingine humwingiza mwalimu wa ESL ndani ya darasa la kawaida. Nyingine hufundisha sayansi na historia kwa Kiingereza kilichorahisishwa, chenye picha na vitendo. Miji yenye wageni wengi ina shule au vituo vya wapya tu: Louisville, kwa mfano, ina Newcomer Academy. Madarasa ya lugha mbili yapo, lakini mara nyingi ni ya Kihispania. Ya Kiswahili ni nadra mno, usiyategemee.

Omba mkutano na mwalimu wa ESL, ukiwa na mkalimani, umuulize:

1. Mtoto anapata dakika ngapi kwa wiki, na nani anamfundisha?
2. Anapotolewa, anakosa somo gani?
3. Walimu wa masomo mengine wanamsaidiaje? Anapewa muda wa ziada? Kamusi ya maneno?
4. Tutajuaje baada ya miezi mitatu kwamba anaendelea?

*Kwa nini maswali haya:* Sheria inaitaka shule imfundishe mtoto Kiingereza na imfikishie masomo mengine. Mtoto anayepaka rangi picha kwenye kona wakati wenzake wanafanya hesabu za sehemu hajasaidiwa. Vivyo hivyo aliyewekwa mbele ya programu ya kompyuta siku nzima akiwa na vipokea sauti masikioni. Msaidizi wa darasa ni mtu mzuri, lakini hawi badala ya mwalimu aliyehitimu.

Kama mtoto alikosa shule miaka mingi, kwa vita, kwa safari, kwa kuchunga wadogo zake, sema wazi. Usione haya. Zipo taratibu za wanafunzi waliokatizwa masomo, na shule isipojua itampa kijana wa miaka 15 aljebra kabla hajajua kugawanya. Nimekaa na kijana wa namna hiyo: alikuwa anahesabu chenji ya dukani kwa kichwa kuliko mwalimu, ila alama ya kugawanya kwenye karatasi hakuwahi kuiona.

Kama mtoto yuko gredi ya 9 hadi 12, kuna jambo la krediti. Diploma hapa hujengwa kwa krediti, kila somo na hesabu yake. Mpeleke kaunsela zile buletini za zamani uombe zikadiriwe. Hesabu na sayansi alizosoma Kigoma au Bukavu zinaweza kuhesabiwa. Muulize pia kama jimbo lenu linatoa Seal of Biliteracy, muhuri kwenye diploma kwa anayemudu Kiingereza na lugha nyingine kwa kusoma na kuandika. Mtoto wako tayari ana lugha hiyo nyingine.

*Utajua umefanikiwa* ukiweza kuitaja ratiba ya mtoto wako kwa dakika, na jina la mwalimu wake wa ESL, bila kuchungulia karatasi.

## Hatua ya 6: Nyumbani, usiache Kiswahili

Kuna walimu wazuri, wenye nia njema, watakaokuambia muongee Kiingereza nyumbani. Wasikilize kwa heshima, halafu usifuate. Mtoto akiongea na mama Kiingereza cha kuvunjavunja, anapoteza mazungumzo marefu, zile hadithi na mabishano ya chakula cha jioni yanayojenga akili. Anayejua kueleza jambo kwa lugha moja ana njia ya kulieleza kwa nyingine. Asiyejua kwa yoyote anaanza sifuri.

Kwa hiyo kila jioni muulize: "Leo mmejifunza nini kwenye sayansi? Nieleze kwa Kiswahili." Atakwama, atachanganya maneno. Mwache amalize. Kwa waliosoma Kifaransa kuna faida ambayo wengi hawaioni: *photosynthèse*, *température*, *multiplication* yanafanana mno na maneno ya Kiingereza. Mwonyeshe mtoto.

Kadi ya maktaba ya mji mara nyingi ni bure kwa mkazi. Chukua.

## Hatua ya 7: Usome mtihani wa kila mwaka

Mara moja kwa mwaka, mara nyingi kati ya Januari na majira ya kuchipua, kila mwanafunzi anayejifunza Kiingereza hufanya mtihani mkubwa. Kwenye majimbo ya WIDA unaitwa ACCESS. Texas ni TELPAS, New York ni NYSESLAT. Usimpangie mtoto miadi ya daktari wiki hizo, na alale mapema.

Ripoti ikija, tazama alama nne kabla ya alama ya jumla. Na hapa ndipo jibu la ule ujumbe wa pili lilipo.

Kwenye WIDA, viwango ni 1 hadi 6. Katika alama ya jumla, kusoma kuna uzito wa asilimia 35 na kuandika asilimia 35. Kusikiliza ni 15, kuzungumza ni 15. Hesabu mwenyewe: mdomo na masikio ni asilimia 30, kalamu na kitabu ni 70. Mtoto anayecheka na rafiki zake kwa Kiingereza fasaha, anayekutafsiria benki, anaweza kuwa na 5 kwenye kuzungumza na 3 kwenye kuandika. Hatoki.

Shule haijakosea. Jim Cummins, mtafiti wa Kanada, alionyesha zamani kwamba Kiingereza cha uwanjani huja kwa takriban miaka miwili, ila Kiingereza cha vitabu huchukua mitano hadi saba. Kwa hiyo mwaka wa nne peke yake si dalili ya tatizo. Dalili ni alama kukaa palepale miaka miwili mfululizo.

*La kufanya:* chukua kipengele cha chini kabisa, nenda nacho kwa mwalimu. "Kuandika ni 2.8, mwaka jana 2.7. Mtafanya nini tofauti mwaka huu?" Swali hilo moja, ukiwa na karatasi mkononi, lina nguvu kuliko malalamiko ya saa nzima.

Mtihani wa kawaida wa jimbo, wa kusoma na hesabu, nao upo. Mtoto aliye chini ya miezi 12 katika shule za Marekani anaweza kusamehewa ule wa kusoma mara moja, jimbo likiruhusu. Uliza.

## Hatua ya 8: Mtoto akikwama, tenganisha lugha na ulemavu

Kwanza masikio na macho. Nasema hivi kwa sababu ya mwanangu mwenyewe. Mwaka mzima tuliambiwa Kiingereza chake ni kizito, kumbe ubaoni alikuwa haoni kitu. Miwani ilifanya kazi ambayo ESL isingeweza.

Kama si hayo, jiulize: je, kwa Kiswahili nako anapata shida? Anasahau maagizo mafupi? Alichelewa kuongea kuliko ndugu zake? Kama kwa lugha ya nyumbani yuko sawa, uwezekano mkubwa anahitaji muda na ufundishaji bora. Kama shida iko kwenye lugha zote, omba tathmini ya elimu maalumu kwa maandishi, na uweke tarehe.

Shule hukosea kwa pande mbili. Kuna inayompeleka mtoto elimu maalumu kwa sababu tu hajui Kiingereza, hairuhusiwi. Kuna inayosema "tusubiri kwanza ajue Kiingereza", nayo hairuhusiwi. Sheria ya elimu maalumu, IDEA, inataka apimwe kwa lugha itakayoonyesha uwezo wake wa kweli, na mzazi awe na mkalimani kwenye mkutano wa IEP, yaani mpango wa elimu maalumu wa mtoto. Mtoto mwenye mahitaji yote mawili anapata huduma zote mbili. Akipewa moja akanyang'anywa nyingine kwa kisingizio cha ratiba, kataa.

Na usitie sahihi mezani. Sema unakwenda na karatasi nyumbani. Hawatakufukuza.

## Hatua ya 9: Kutoka, na miaka miwili baada ya hapo

Mtoto hutoka akifikia alama ya jimbo lake. Kwenye WIDA mara nyingi ni kati ya 4 na 5. California huangalia zaidi ya mtihani: huongeza maoni ya mwalimu, mazungumzo na mzazi, na ulinganisho na wanafunzi wengine.

Utapata barua nyingine. Hii nayo weka kwenye faili.

Baada ya kutoka, shule inapaswa kumfuatilia kwa angalau miaka miwili. Wazazi wengi wanashangilia na kusahau. Angalia ripoti mbili za kwanza: alama za kusoma na historia zikianguka ghafla, andika barua ukiomba aangaliwe upya, na arudishiwe msaada ikibidi. Inawezekana.

## Shule isipotimiza

Anza na mwalimu, kisha mratibu wa ESL, kisha ofisi ya wilaya ya shule, kisha idara ya elimu ya jimbo. Kila mara kwa maandishi, hata mistari mitatu kwa Kiswahili; kuitafsiri ni kazi yao. Mambo mengi niliyoyaona yaliisha kwa mratibu wa ESL, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anayeijua sheria kuliko mkuu wa shule.

Ikishindikana, kuna Ofisi ya Haki za Kiraia ya Idara ya Elimu ya Marekani. Kulalamika ni bure na huhitaji wakili, lakini kwa kawaida lazima ufanye hivyo ndani ya siku 180 tangu kosa litokee. Ndiyo sababu nilikuambia uwe na kalamu. Kila barua ya shule ikifika, kabla hujaifungua, andika tarehe juu ya bahasha.